Ramani ya joto ya macho: kabla hujailipia, soma uzi huu

#1 VikokotoniGrafiki (mleta uzi)

Assalaam alaykum wana jamvi.

Jamaa mmoja mwenye hoteli ndogo pwani ya mashariki ya huku Zanzibar kaniletea ripoti aliyouziwa. Picha ya tovuti yake imepakwa mabaka mekundu, manjano na kijani, ndiyo hiyo inayoitwa ramani ya joto, pekundu ni pale macho ya watazamaji yalipokaa zaidi, na chini yake hukumu: wageni hawakioni kitufe cha kuweka nafasi, ukurasa wote ubadilishwe. Gharama ya kubadilisha imeandikwa hapohapo, na mbadilishaji ni huyohuyo aliyeandika ripoti. Ananiuliza kama ni kweli. Jibu limekuwa refu, nikaona nilimwage hapa, maana humu wamo wabunifu wenzangu, wamo wanafunzi wa chuo kikuu kule Tunguu, na wamo wenye biashara ambao kesho watauziwa mabaka kama hayo.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kifaa cha kufuatilia macho si utapeli. Kinajibu vizuri sana swali moja: jicho lilielekea wapi, lini, na likakaa muda gani. Mtu aliona nini, alielewa nini, alipenda au alichukia, hayo hayamo kwenye mabaka. Anayekwambia yamo anakupigia ramli.

Tuanze na jicho lenyewe. Nyosha mkono, tazama ukucha wa kidole gumba. Sehemu unayoiona kwa ukali wote ni kama upana wa huo ukucha, nyuzi 2 hivi za pembe. Hiyo ndiyo kazi ya fovea, kidoa kidogo nyuma ya jicho. Kilichobaki pembeni hakina ukali huo, ila hatuhisi, kwa sababu jicho halitulii: linaruka, linatua, linaruka tena, mara tatu au nne kila sekunde. Katika mruko wenyewe hatupati kitu cha maana. Tunaona pale linapotua, na mtuo mmoja ni kama milisekunde 200 mpaka 300. Kama huamini simama mbele ya kioo, tazama jicho lako la kushoto kisha la kulia, rudi tena la kushoto. Hutayaona yakisogea hata mara moja. Aliye pembeni yako anayaona.

Daktari wa macho wa Ufaransa, Émile Javal, ndiye anayetajwa kwa kutangaza miaka ya mwisho ya 1870 kwamba msomaji haburuzi macho juu ya mstari, bali huruka. Mmarekani Edmund Huey akataka kupima. Akatengeneza kikombe kidogo cha plasta kinachokaa juu ya jicho, kina tundu la kuonea, kikaungwa na sindano ya alumini inayochora mwendo wa jicho juu ya karatasi iliyopakwa masizi. Jicho lilitiwa kokeini ili lisiume. Waliojitolea Mungu awalipe. Mwaka 1901 Dodge na Cline wakaacha kuligusa jicho kabisa. Wakaupiga picha mwanga unaorudi kutoka kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Vifaa vya leo vinafuata njia hiyohiyo: taa ndogo za infraredi, ambazo mtazamaji hazioni, zinamulika jicho, na kamera inashika vitu viwili, katikati ya mboni na kinukta cha mwanga juu ya konea. Jicho likigeuka, nafasi baina ya viwili hivyo inabadilika. Kabla ya kazi mtu anatazamishwa vinukta kwenye skrini ili mashine ilizoee jicho lake. Vya bei nafuu vinapima mara 60 kwa sekunde, vya maabara hufika mara 1,000.

Hata kifaa kizuri kina kosa la kama nusu nyuzi. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwenye skrini, nyuzi moja ni takriban sentimita moja, kwa hiyo kosa ni nusu sentimita. Kwa kitufe kikubwa si neno. Kwa maandishi madogo ushahama mstari.

Sasa kubwa lao. Mrusi Alfred Yarbus, ambaye kazi yake ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1967, alimwonyesha mtu mchoro wa Ilya Repin: mwanamme anaingia chumbani bila kutarajiwa, waliomo wamegeuka kumtazama. Mtazamaji mmoja, mchoro mmoja, maswali mbalimbali. Alipotakiwa akisie umri wa waliomo, macho yalishika nyuso. Alipoulizwa familia ina uwezo gani, yakaenda kwenye vitu na nguo. Alipotakiwa akisie mgeni alipotea muda gani, yakawa yanakwenda na kurudi baina ya nyuso. Kwa hiyo ripoti isiyokwambia watu waliulizwa nini haijakwambia kitu, hata rangi zake ziwe nzuri vipi.

Nimemuuliza jamaa: waliotazama ukurasa wako walipewa kazi gani? Haimo kwenye ripoti. Walikuwa wangapi? Haimo. Nimemwambia akaulize, nikipata jibu nalileta hapa.

Kuna aliyewahi kukitumia kifaa hichi Unguja au Pemba? Karibuni.


#2 Mtoto_wa_Malindi

Wa alaykumu salaam. Nakaa hapa kwanza nisome kwa wakubwa. Hiyo ya kioo nimeijaribu, wallahi hayasogei. Nimemwita mdogo wangu, ananambia "yanakwenda kama ya mwizi".


#3 BiPindo

Kaka mleta uzi, mie nauza kanga Darajani, sina tovuti wala skrini, lakini swali ninalo la kweli.

Zikiingia kanga mpya nazitundika mlangoni. Mteja akiwa mbali anaona rangi na mji, yale mapambo ya katikati. Akisogea ndo anasoma jina, yaani ule msemo ulioandikwa. Wapo, hasa watu wazima, ambao wanatafuta jina kwanza, na jina likiwakera kanga hawaigusi hata iwe na mji mzuri namna gani. Watalii ndo kabisa, jina kwao ni pambo tu, utawaona wanashika pindo wanatazama rangi. Sasa hicho kifaa kingenambia nizitundike vipi? Maana nafasi ya mlango ni ileile.


#4 VikokotoniGrafiki

Bi Pindo, swali lako limeishinda ripoti ya hoteli, maana wewe ushajua kwamba wateja wako hawana macho ya aina moja. Mtu mzima anayetafuta jina na mtalii anayetafuta rangi ni yale maswali mawili ya Yarbus, yote mlangoni kwako. Ukiwachanganya kwenye ramani moja utapata baka jekundu katikati ambalo si la huyu wala yule.

Kipo kifaa cha kuvaa kama miwani, kina kamera ndogo za kutazama macho na nyengine ya mbele inayopiga anachokiona mvaaji. Kingeweza kukwambia mteja alianza kulishika jina akiwa umbali gani. Jina linasomwa kwa fovea, si kwa pembeni, kwa hiyo lazima jicho litue palepale na herufi ziwe kubwa za kutosha kwa umbali huo. Hapo kuna jambo la kupima: ukikunja kanga jina likaja usawa wa uso, je, wanasogea zaidi kuliko likining'inia chini karibu na magoti?

Ila mchana Darajani miwani hiyo itakusumbua. Jua lina infraredi yake, tena nyingi, na kamera inababaika. Na jengine: wanja. Kope zilizopakwa nyeusi kamera huweza kuzidhania mboni. Watafiti wa ng'ambo wana tabu hiyo na maskara. Sisi kwetu ndo hivyo, nusu ya wateja wako wana wanja.

Kwa duka lako mimi ningefanya hivi bila kifaa. Wiki moja majina yawe usawa wa uso, wiki nyengine yawe chini, halafu tena kwa zamu ili mwisho wa mwezi usikuchanganye. Mtu akae barazani mkabala aandike tu: amesimama, amesogea, ameshika, amenunua.


#5 BiPindo

Kushika si kununua. Kuna anayeshika zote akaondoka na salamu.

Lakini hiyo ya zamu naifanya. Wa kukaa barazani wapo tele, tena wanakaa bure.


#6 Eksirei_Usiku

Mimi kazi yangu ni picha za eksirei, hospitali siitaji. Mleta uzi umesema mabaka hayasemi mtu aliona nini. Niongezee ushahidi kutoka upande wetu maana watu wanaweza kudhani unatania.

Mwaka 2013 Trafton Drew, Melissa Võ na Jeremy Wolfe waliwapa madaktari wa picha 24 kazi yao ya kila siku: watafute vinundu vya saratani kwenye picha za mapafu za CT, zile eksirei za kompyuta za vipande vipande. Kwenye seti ya mwisho wakabandika picha ya gorila ndani ya pafu. Gorila mzima, mkubwa mara 48 ya kinundu cha kawaida. Madaktari 20 kati ya 24 hawakumwona. Na hawa walikuwa wanafuatiliwa macho, kwa hiyo ilijulikana: 12 kati ya hao 20 macho yao yalitua palepale alipo gorila. Jicho limefika, lakini mtu hakumwona.

Kwenye ramani ya joto pale pangekuwa pekundu, na muuza ripoti angekwambia "daktari ameona".

Kuna na kazi ya zamani, 1978, ya Kundel na wenzake Nodine na Carmody. Waliyagawa makosa ya kukosa kinundu mafungu matatu: jicho halikufika kabisa, limefika likapita haraka, limefika, likakaa sana, na bado daktari akaamua si kitu. Hili la tatu ndilo linaloniumiza kichwa, kwa sababu mafunzo ya "tazama picha yote kwa utaratibu" yanatibu la kwanza tu. Hapa kifaa kina faida kubwa, kinakutenganishia makosa ambayo kwa nje yanafanana. Kwa hiyo na wewe mleta uzi usikidharau sana.


#7 VikokotoniGrafiki

Sikidharau, shekhe. Hao wa 1978 walikuwa na swali kwanza, kifaa kikafuata. Ndilo ninalolilia hapa.


#8 Zuu_wa_Tunguu

Assalaam alaykum. Nasoma mwaka wa mwisho, natakiwa nitafute mada ya utafiti, na uzi huu umeniangukia kama rehma. Nataka kutazama watoto wa skuli wanavyosoma. Mtoto wetu wa Unguja asubuhi anasoma Kiswahili na Kiingereza kutoka kushoto, jioni yuko chuoni anasoma Kurani kutoka kulia. Je, macho yake yanachanganyikiwa? Nimeona kuna programu za bure zinazotumia kamera ya laptopu kufuatilia macho. Zitanifaa?


#9 VikokotoniGrafiki

Dada Zuu, wa alaykumu salaam. Mada ni nzuri mno, lakini kamera ya laptopu isahau kwa kazi hiyo.

Kamera ile haina taa ya infraredi, inategemea mwanga wa chumba. Macho yetu meusi. Kwa mwanga wa kawaida mboni na duara la rangi linaloizunguka vinakaribiana weusi, kamera haitofautishi. Kwenye infraredi mambo ni kinyume, duara linang'aa na mboni inabaki nyeusi. Kosa la kamera ya laptopu huweza kufika nyuzi 4. Kwa umbali wa sentimita 60 hizo ni kama sentimita 4. Utajua mtoto alitazama juu au chini ya ukurasa. Neno gani hutajua.

Kuhusu mada yenyewe, kuna mlango ushafunguliwa. McConkie na Rayner, miaka ya 1970, walitengeneza njia ya kijanja: maandishi kwenye skrini yanaonekana sawa pale jicho lilipo tu, na pembeni yanageuzwa kuwa herufi za ovyo, na kidirisha hicho kinahama na jicho. Wakawa wanakipanua na kukipunguza mpaka msomaji asiathirike. Ikaonekana msomaji wa Kiingereza anachukua kama herufi 3 au 4 kushoto kwa pale anapotua, na 14 au 15 kulia. Hakuna usawa hata kidogo, uzito wote uko kule anakokwenda.

Mwaka 1981 Pollatsek na wenzake wakafanya kwa Waisraeli wanaosoma Kiebrania, ambacho huandikwa kutoka kulia, na Kiingereza pia. Watu walewale. Kwenye Kiebrania uzito ulikuwa kushoto, kwenye Kiingereza ukahamia kulia. Kwa hiyo msomaji mzoefu hachanganyikiwi, anageuza. Swali lako liwe jengine: mtoto anaanza lini kugeuza? Na je, aliyeanza chuoni akiwa mdogo kabla ya skuli anatofautiana na aliyeanza vyote pamoja? Hilo, dada, lina ladha ya huku kwetu.

Usisahau na urefu wa maneno. Kiingereza kimejaa vineno vya herufi mbili tatu ambavyo jicho huvipita bila kutua. Sisi kitenzi kimoja ni sentensi: "wasipokuelewesha" ni herufi 16, na ndani yake mna nani, kama, hapana, wewe. Mruko wa kawaida wa msomaji wa Kiingereza ni herufi 7 mpaka 9. Neno kama hilo jicho litatua mara mbili, pengine tatu. Ukichukua viwango vya Kiingereza ukamhukumu navyo mtoto wa darasa la tatu wa Makunduchi utasema ni mzito wa kusoma, kumbe ni urefu wa maneno.


#10 Zuu_wa_Tunguu

Ahsante sana kaka, umenipa kazi na umeniokoa. Nitamuuliza msimamizi wangu kama kuna chuo cha kuazima kifaa. Nitarudi.


#11 Mpemba_Asili

Salamu kutoka Wete. Nyie watu wa mjini mnapima tovuti, sisi huku tuna macho hayajapimwa na mtu.

Karafuu ikishuka jamvini inatakiwa makonyo (vijiti vyake) yatoke, mpeta (zilizoharibika) utoke, na zile zilizovunjika vichwa zijulikane. Bibi yangu huchota gao moja, akalimimina polepole kiganja hiki kwenda kiganja hiki, na keshajua daraja. Ukimuuliza umetazama nini, anasema "si naona". Mimi nikitazama gao hilohilo nachambua moja moja kama mwehu. Sasa kifaa hichi kikivaliwa na bibi kitatoa siri?


#12 VikokotoniGrafiki

Mpemba, umegusa penyewe. Tofauti ya fundi na mwanafunzi ni sehemu ambayo kipimo cha macho kimezaa matunda mengi. Kwenye sataranji Reingold na Charness na wenzao waliona mabingwa wanatua mara chache, na wanatua baina ya kete, si juu ya kete, kwa sababu wanachukua kundi zima kwa mtuo mmoja. Madaktari wa picha waliobobea nao huweza kushika penye kasoro ndani ya sekunde ya mwanzo. Nadhani bibi yako ataonyesha kitu cha namna hiyo: mituo michache, na pembeni ya jicho inafanya kazi kubwa.

Lakini fikiria. Kifaa kinaonyesha pale fovea ilipotua tu. Anachokichukua kwa pembeni hakionekani. Tena bibi anatumia mkono, uzito wa karafuu, mlio wake zikimiminika, na pua. Utapata ramani safi yenye baka moja katikati ya kiganja, na hutajua kitu. Kinachoweza kusaidia ni kumpa picha tu za karafuu, bila ya kugusa, na kutazama kama bado anashinda. Akishindwa, basi siri haiko machoni.


#13 Mpemba_Asili

Ukimnyima mkono atakunyima chai. Lakini nimekuelewa.


#14 DataKwanza

Nimesoma yote, na naona uzi unaegemea upande mmoja. Ntasema la upande wa pili, mnivumilie.

Mnasema jicho na akili ni vitu viwili. Kweli, na ni kweli ya zamani. Mwanasayansi wa Kijerumani Helmholtz karne ya 19 alionyesha unaweza kukazia jicho pahala pamoja na ukaelekeza akili pengine. Michael Posner mwaka 1980 akaipima kwa muda wa kubonyeza: ukidokezwa kitu kitatokea kulia, unakiwahi kikitokea kulia hata jicho likibaki katikati. Sawa. Lakini mwaka huohuo wa 1980 Just na Carpenter wakatoa hoja kwamba katika kusoma, jicho linakaa juu ya neno kwa muda ule ambao akili inalifanyia kazi. Hoja ina mapungufu yake, ila katika kusoma haiko mbali na ukweli: neno gumu linakaliwa zaidi, neno adimu linakaliwa zaidi. Maishani mwetu jicho na akili husafiri pamoja mara nyingi kuliko kutengana. Muuza samaki haangalii wateja kwa pembeni kwa makusudi.

Halafu kwenye ubunifu hatuhitaji kujua siri ya moyo. Kama jicho halikufika kabisa kwenye tangazo la tahadhari, basi halikusomwa, basi. Hilo ni jibu kamili na linatosha kuhamisha tangazo. Mfano wa mwaka 1998, Benway na Lane: watu walitafuta kitu kwenye ukurasa, na jibu limo ndani ya bango kubwa la rangi, na bado wakalikosa kwa sababu lilifanana na matangazo ya biashara. Mbunifu aliyeweka kitufe ndani ya bango linalong'ara anadhani amekikuza, kumbe amekificha. Upofu huo ulianza kuonekana bila kifaa. Vipimo vya macho vya baadaye vikaonyesha jicho kweli huliruka bango.

Na Jakob Nielsen, mtafiti wa utumiaji wa tovuti, mwaka 2006 aliwafuatilia watu 232 wakisoma kurasa za intaneti, ikatoka ile sura ya F: mistari ya juu inasomwa kwa upana, ya chini kidogo, halafu jicho linateremka ukingoni. Tulipata faida kwa hilo.


#15 VikokotoniGrafiki

DataKwanza, nakubali hoja yako ya "halikufika". Kukosekana kwa mtuo ni ushahidi wenye nguvu kuliko kuwepo kwake, kwa maandishi hasa. Ripoti nyingi ninazoletewa zinatumia upande dhaifu: "pamekuwa pekundu, kwa hiyo wamependa". Pekundu huwa na maana mbili zilizopingana, mtu amevutiwa au mtu hajaelewa anasoma mara ya tatu.

Ya F nayo imetumika vibaya. Ile ni tabia ya mtu anayepitia ukurasa wa maandishi mengi yasiyo na vichwa vyema, si sheria ya kupangia vitu. Na ukurasa wa Kiarabu F hiyo inageuka. Nimewaona wabunifu hapa mjini wanaoweka kila kitu muhimu juu kushoto "kwa sababu ya F" kwenye bango la ukutani lenye maneno sita. Maneno sita hayana F.


#16 Fundi_Mabango_Michenzani

Naingia kwa upande wa masikini. Mimi nachora mabango na matangazo ya magari. Bei ya hicho kifaa siijui na sitaki kuijua. Kuna njia ya mtu wa kawaida?


#17 VikokotoniGrafiki

Ipo, na kwa kazi ya bango inatosha.

Mwonyeshe mtu bango kwa sekunde 5 kwenye simu, lifiche, muulize lilikuwa la nini. Usimuulize "zuri?" Kwetu hapa ukimuuliza mtu "zuri?" atakwambia zuri mashaallah, na ukimshika zaidi atakuombea dua. Muulize lilihusu nini, simu ya kupiga ni ipi, tarehe lini. Asichoweza kukitaja hakikumfikia, ama jicho halikwenda, ama lilikwenda likatoka mikono mitupu. Kwa bango huhitaji kujua ni lipi kati ya hayo.

Kwa magari pima kwa umbali. Daladala ya 505 ikikata kona na abiria amesimama na mikoba, ana sekunde ngapi za kusoma? Na abiria huyo hasomi tangazo, anatafuta namba. Ukibandika tangazo lako karibu na namba ya njia kwa rangi ileile umewakosea wote wawili.

Njia nyengine: tia ukungu picha nzima kwenye programu yako ya kuchorea, halafu mwache mtu abonyeze sehemu anazotaka zifunguke moja moja. Anabonyeza kile ambacho angekitazama. Watafiti wana programu za namna hiyo na matokeo yake yanakaribiana vizuri na ya kifaa kwa picha zilizotulia. Ila kubonyeza ni kwa kukusudia, kunakwenda polepole, kwa hiyo yale ya kuvutwa na rangi bila kujijua hayatatokea.


#18 Eksirei_Usiku

Naongeza moja kwa wenye kifaa: msidanganywe na kipimo cha mboni. Kuna wanaouza "kiwango cha msisimko" kwa kupima mboni ilivyotanuka. Ni kweli akili ikifanya kazi nzito mboni hutanuka, Kahneman na Beatty walionyesha hivyo mwaka 1966 kwa kuwapa watu tarakimu wazikumbuke. Lakini mwanga unaitanua na kuibana mboni kwa nguvu zaidi kuliko fikra. Picha nyeusi itatanua mboni, picha ya ufuo mweupe wa Nungwi itaibana. Ukizilinganisha hizo mbili ukasema wageni wamesisimkwa na usiku, umepima taa.


#19 VikokotoniGrafiki

Narudi na jibu la hoteli.

Jamaa amewapigia. Waliotazama walikuwa 6, na waliambiwa "tazama ukurasa huu". Basi. Hawakuambiwa wanatafuta chumba, hawakupewa tarehe, hawakupewa bajeti. Sita wote ni wafanyakazi wa ofisi ileile, huko Bara.

Sasa pimeni wenyewe. Mtu asiye na safari, hana sababu ya kutafuta kitufe cha kuweka nafasi. Ametazama picha ya bahari, kama ambavyo ningetazama mimi. Kuhusu idadi, Kara Pernice na huyohuyo Nielsen walishauri watu 39 kwa mtu anayetaka ramani ya joto inayotulia, kwa sababu kwa wachache mtu mmoja aliyezubaa pahala anatosha kuchora baka. Sita unaweza kuwatumia kwa kukaa nao, ukawatazama wakijaribu kuweka nafasi na wakakwama wapi. Huhitaji rangi.

Nimemwambia asibadilishe kitu kwanza. Achukue wageni waliopo hotelini sasa hivi, wale wanaokunywa chai barazani, awape simu na kuwaambia: mtafutie rafiki yako chumba cha watu wawili wiki ya mwanzo ya Agosti. Kisha anyamaze.


#20 Zuu_wa_Tunguu

Nimerudi. Msimamizi amekubali mada, na kifaa tutaazima. Amesema lazima kibali cha wazazi kwa maandishi, na cha skuli. Na nimeambiwa niamue: watoto wasome kimya au kwa sauti? Wengi wamezoea kwa sauti kwa sababu ya chuoni.


#21 VikokotoniGrafiki

Hongera. Kibali ni haki, na mzazi aelezwe kwamba kamera inachukua macho, na picha zitahifadhiwa wapi.

Kwa sauti mituo inarefuka, kwa sababu jicho linatangulia sauti halafu linalazimika kuingoja. Kwa hiyo usilinganishe aliyesoma kimya na aliyesoma kwa sauti kama vile ni kazi moja. Watoto wote wasome Kiswahili kwa namna zote mbili, kwa zamu, nusu waanze kimya na nusu waanze kwa sauti. Midomo ikicheza pasipo sauti iandike pembeni, usiwakataze.

Kichwa kikitikisika data zinaharibika, na mtoto aliyezoea kusoma chuoni anatikisika mbele na nyuma bila kujijua. Tafuta kifaa kinachovumilia kichwa kusogea. Na wazazi wakumbushe: siku hiyo watoto wasipakwe wanja.


#22 BiPindo

Wiki ya kwanza imekwisha, majina juu. Wamesimama wengi. Nangoja ya pili ndo niseme.